Saini Pekee Haitoshi: Funzo la Mgomo wa Siku Mia Moja

Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari wapatao 5,000 wa hospitali za umma nchini Kenya waligoma. Wauguzi wengi nao waligoma siku hiyo hiyo. Mgomo haujamaliza siku moja, wagonjwa wapatao mia moja walikuwa wametoroka Hospitali ya Mathari jijini Nairobi, inayotibu maradhi ya akili, maana hapakuwa na watu wa kutosha wa kuwaangalia. Wiki zilizofuata, wajawazito waliohitaji upasuaji, watoto wenye nimonia na wagonjwa wa saratani waliofika hospitali za serikali hawakumkuta daktari. Mwenye fedha alikwenda hospitali ya kulipia. Asiyekuwa nazo alirudi nyumbani na maradhi yake, na wapo waliofariki. Madaktari hawakurudi kazini hadi tarehe 14 Machi 2017, siku ya mia moja.

Waligoma wakidai nini? Walidai serikali itekeleze mkataba ambao tayari ilikuwa imeutia saini. Mkataba huo, wa tarehe 27 Juni 2013, ulifungwa kati ya Wizara ya Afya na chama cha madaktari, wafamasia na madaktari wa meno, kinachojulikana kwa herufi zake KMPDU. Ulikuwa na kurasa, vifungu na saini za pande zote mbili. Hata hivyo, miaka mitatu na nusu baadaye nyongeza ya mshahara iliyoandikwa humo ilikuwa bado haijaingia mfukoni mwa daktari.

Nasimulia kisa hiki kwa sababu kosa lililofanyika ni jepesi kufanywa, na hufanywa na watu wenye nia njema. Ningekuwa kiongozi wa chama siku ile ya Juni, nadhani hata mimi ningepeana mikono na maofisa wa wizara, nikarudi kwa wenzangu na kuwaambia kwamba tumeshinda. Walimu, wauguzi, wahadhiri, makarani wa kaunti na halmashauri, sote tunaofanya kazi ya umma au tunaotegemea kazi hiyo, tunaweza kujikwaa mahali pale pale. Basi na tukitazame kisa hiki hatua kwa hatua.

Haki yenyewe haikupatikana kwa urahisi. Mwaka 1994 madaktari wa serikali nchini Kenya waligoma kwa zaidi ya miezi mitatu, na moja ya madai yao makuu lilikuwa kusajiliwa kwa chama chao. Walinyimwa. Ilibidi wangoje hadi Katiba ya 2010, ambayo katika Ibara ya 41 inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma, na inavipa vyama vya wafanyakazi na waajiri haki ya kufanya majadiliano ya pamoja. Mwaka uliofuata, 2011, KMPDU ikasajiliwa.

Desemba mwaka huo huo madaktari wakagoma. Pamoja na mishahara, walilalamikia hospitali zisizo na dawa wala vifaa, na madaktari wachache wanaobebeshwa wagonjwa wengi kupita kiasi. Serikali ikaunda jopo kazi, likachunguza na kutoa mapendekezo. Mapendekezo yakakaa kabatini. Septemba 2012 madaktari wakagoma tena, safari hii wakidai yale yaliyopendekezwa yatekelezwe. Mkataba wa Juni 2013 ulizaliwa katika mazingira hayo. Uligusa nyongeza kubwa ya mishahara, lakini uligusa pia mambo ambayo mgonjwa yeyote angeyaunga mkono: kuajiri madaktari zaidi, kuwapeleka kusomea ubingwa, kugharimia utafiti na kuboresha mazingira ya kazi.

Ukiangalia mpaka hapo, huoni mwenye nia mbaya. Madaktari walidai kwa haki, na wizara ilikubali. Lakini dalili za hatari zilikuwapo tangu siku ile ya saini, na nyingine zikajitokeza kadiri miaka ilivyokwenda. Ni hizo ninazotaka tukae nazo.

Dalili ya kwanza ilikuwa kwamba aliyetia saini hakuwa atakayelipa. Uchaguzi mkuu wa Machi 2013 ulileta serikali mpya 47 za kaunti. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti huduma za afya za ngazi zao, huku serikali kuu ikibaki na sera na hospitali za kitaifa za rufaa. Kwa hiyo, wizara ilipokuwa ikitia saini mwezi Juni, ilikuwa imejulikana kwa miaka mitatu kwamba wengi wa madaktari wale wangehamia chini ya magavana. Na ndivyo ilivyokuwa. Katika mwaka huo huo majukumu yakahamishwa, na mishahara ya madaktari wengi ikawa mzigo wa kaunti. Magavana walipoletewa madai ya mkataba, walijibu kwamba wao hawakuwapo wakati ukijadiliwa. Hoja hiyo iliwakera madaktari, na naelewa kwa nini. Lakini jibu hilo lilitabirika. Mtu anayeletewa deni asilolikopa yeye, jambo la kwanza atauliza ni nani aliyemkopea.

Dalili ya pili ilikuwa ukimya wa Tume ya Mishahara na Marupurupu. Katiba ile ile iliyowapa madaktari haki ya kujadiliana iliunda, katika Ibara ya 230, tume ya kuzishauri serikali kuu na kaunti kuhusu malipo ya watumishi wa umma. Ibara ya 41 na Ibara ya 230 zimo katika kitabu kimoja. Ni rahisi kwetu kusoma ukurasa unaotupendeza na kuuruka ule unaotuchelewesha. Mkataba wa 2013 ulifungwa bila baraka za tume hiyo, na tangu hapo kila mwenye nia ya kuupinga alikuwa na mlango wa kupitia.

Dalili ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa rahisi kuiona mapema. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007 inasema kwamba mkataba wa makubaliano ya pamoja, huu ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita mkataba wa hali bora, upelekwe mahakamani kusajiliwa ndani ya siku 14 tangu kukamilika kwake. Nguvu ya kuutekeleza inaanzia kwenye usajili huo. Mwajiri ndiye anayepaswa kuupeleka. Lakini sheria haikukiacha chama mikono mitupu, maana inasema wazi kwamba mwajiri asipoupeleka, chama chenyewe kinaweza kuupeleka.

Siku 14. Miezi na miaka ikapita, na mkataba ukabaki bila usajili. Suala hilo lilipofikishwa mahakamani baadaye, vikwazo vya tume na kaunti vilikuwa vimekwisha kuota mizizi, na mgomo ulipoanza Desemba 2016 mkataba ulikuwa bado haujasajiliwa. Ni sawa na mtu aliyenunua shamba, akalipa na kuandikiana na muuzaji mbele ya mashahidi, kisha asiende ofisi ya ardhi kubadilisha hati. Moyoni mwake shamba ni lake. Hata majirani watakubali kwamba ni lake. Lakini siku ya kesi hakimu ataomba hati, na hati inasoma jina la mwingine.

Nasema haya bila kuwahukumu waliokuwa usukani. Nikiwatazama, naona watu waliokuwa wametoka kwenye migomo miwili ndani ya mwaka mmoja, waliokuwa wamechoka, na ambao waliiamini saini ya serikali. Kuiamini saini ya serikali si upumbavu. Serikali inayotaka kuheshimiwa inapaswa kuwa na saini inayoaminika. Ila mwakilishi wa wafanyakazi amepewa dhamana ya watu wengine, na mwenye dhamana hawezi kuishia kwenye kuamini. Anapaswa kuuliza: Sasa kinafuata nini, nani anakifanya, na kwa tarehe gani?

Dalili ya nne ilipigiwa baragumu nchi nzima, na ilitoka kwa walimu. Juni 2015 mahakama inayoshughulikia mambo ya kazi iliamuru walimu waongezwe mishahara kwa asilimia 50 hadi 60. Serikali ikasema haina fedha hizo. Septemba walimu wakagoma, na shule zikafungwa. Novemba mwaka huo Mahakama ya Rufaa ikaitengua nyongeza hiyo, ikisisitiza kwamba ushauri wa Tume ya Mishahara hauwezi kurukwa. Yaani mwaka mzima kabla ya madaktari kugoma, walimu walikuwa wameshaonyesha kwa machozi yao ni wapi mkataba wa mtumishi wa umma unaweza kukwama. Siku ile, kila chama cha watumishi wa umma kingepaswa kufungua kabati lake, kutoa mkataba wake na kuukagua upya. Wizara nayo ingepaswa kuwaita madaktari, kaunti na tume wakae meza moja kabla moto haujawaka. Mara nyingi tunaposikia jirani ameungua tunampa pole, kisha tunarudi kulala bila kukagua jiko letu.

Dalili ya tano ilikuwa muda wenyewe. Ahadi isiyotekelezwa haikai palepale ilipoachwa. Mawaziri hubadilika, maofisa huhamishwa, na aliyejua kwa nini kifungu fulani kiliandikwa anastaafu. Wakati huohuo anayedai anazidi kupandisha hesabu ya anachodai, na anayedaiwa anazidi kukiona kikubwa kisicholipika. Serikali ilipokuja kutangaza kwamba itaongeza asilimia 40, katika Januari ya mgomo, madaktari walikataa. Kwa anayetazama kutoka nje, asilimia 40 ni nyingi. Kwa aliyeandikiwa zaidi ya hapo mwaka 2013 na kusubiri tangu wakati huo, ofa hiyo ilikuwa kama kuambiwa kwamba aliyoandikiwa yalikuwa mzaha.

Kulikuwa pia na hasira iliyotoka nje ya mkataba. Oktoba 2016, wiki chache kabla ya mgomo, ilivuja ripoti ya ukaguzi wa ndani wa Wizara ya Afya iliyotilia shaka matumizi ya takriban shilingi bilioni 5. Serikali ikasema fedha za mishahara hazipo, na madaktari wakaandamana na kauli mbiu iliyoenea nchi nzima: Lipa Kama Tenda. Maana yake ilikuwa wazi kwa kila Mkenya. Kama fedha za zabuni hupatikana haraka, za mishahara zinakosekana vipi? Anayemwambia mfanyakazi wake akaze mkanda, kwanza na aonekane amekaza wa kwake. Hilo nalo ni somo, na linawahusu wote walio na ufunguo wa hazina, kuanzia wizara hadi kamati ya shule.

Mgomo ulipoanza, haukuwa tena na njia rahisi ya kutokea. Mahakama ilikuwa imeusimamisha siku chache kabla, lakini madaktari wakaendelea. Tarehe 13 Februari 2017 viongozi saba wa chama wakapelekwa jela kwa kifungo cha mwezi mmoja kwa kudharau amri hiyo. Wenzao wa hospitali za binafsi wakasitisha kazi kwa saa 48 kuwaunga mkono, na kwa siku hizo hata mwenye fedha akapata taabu ya kumpata daktari. Tarehe 15 Februari Mahakama ya Rufaa ikawaachilia viongozi hao ili mazungumzo yaendelee. Hatimaye, baada ya upatanisho uliowashirikisha viongozi wa dini, makubaliano ya kurudi kazini yakatiwa saini tarehe 14 Machi. Madaktari walipata marupurupu na ahadi ya mkataba mpya. Mkataba wa 2013, ule waliogoma wakiudai siku zote zile, haukutekelezwa kama ulivyoandikwa. Mwaka huo wa 2017 ukaandikwa mwingine, wa kufikia 2021.

Hata Tanzania iliguswa. Siku chache baada ya mgomo kwisha, Rais John Magufuli alikubali ombi la Kenya la kupelekewa madaktari 500. Madaktari wa Kenya wakaenda mahakamani, wakieleza kwamba kuna wenzao waliosomea kazi hiyo na hawajaajiriwa. Mpango ukakwama, na Aprili serikali ya Tanzania ikawaajiri nyumbani madaktari 258 waliokuwa wameomba kwenda. Ndivyo lilivyo jambo lisilotatuliwa kwa wakati wake: huwafikia hata wasiohusika.

Je, funzo lilishikwa? Natamani niseme ndiyo. Juni 2017, miezi mitatu tu baada ya madaktari kurudi, wauguzi wa Kenya waligoma wakidai mkataba wao wenyewe ukamilishwe na utekelezwe, na Tume ya Mishahara ikawa upande wa pili. Mgomo huo uliendelea hadi Novemba, karibu miezi mitano. Kisha tarehe 14 Machi 2024, miaka saba kamili baada ya makubaliano yale, madaktari waligoma tena kwa siku 56. Safari hii mzozo ulihusu zaidi madaktari walio katika mafunzo ya kazi. Mkataba wa 2017 ulikuwa umewapa kiasi cha shilingi 206,000 kwa mwezi, na serikali ikasema ina uwezo wa kuwapa 70,000 tu. Dalili zilikuwa zile zile: ahadi iliyoandikwa bila kuhakikisha fungu lake katika bajeti, deni lililoachwa likue, na kila upande ukingoja mwenzake achoke.

Wapo wanaosoma kisa hiki na kutoa hitimisho jingine. Wanasema mtumishi wa umma asiruhusiwe chama chenye meno, wala majadiliano ya pamoja, kwa sababu mwajiri wake ni mwananchi na anayeumia akigoma ni mwananchi huyo huyo. Wanaongeza kwamba kiwanda kinachodaiwa kupita uwezo wake kitafunga milango, lakini hospitali ya wilaya haiwezi kufungwa, kwa hiyo chama cha umma kinajadiliana huku kimeshika koo la maskini. Sheria ya Kenya yenyewe imeingiwa na wasiwasi huo, maana inaziweka huduma za hospitali kati ya huduma muhimu zisizopaswa kusimamishwa kwa mgomo, ilhali Katiba inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Hoja hii ina uzito, na sisi tunaovitetea vyama tusiipuuze. Mama aliyekosa upasuaji Januari ile hakuwa na kiti kwenye meza ya mazungumzo, na hakuna kifungu cha Katiba kitakachomrudishia mtoto wake.

Lakini nawaomba wenye hoja hiyo waukumbuke mwaka 1994. Wakati ule hapakuwa na chama kilichosajiliwa, hapakuwa na majadiliano ya pamoja, hapakuwa na mkataba wowote wa kubishania. Madaktari waligoma hata hivyo, na kwa zaidi ya miezi mitatu. Kumnyima mtu meza ya mazungumzo hakumwondolei njaa wala hasira yake, kunamwondolea tu mahali pa kuyasemea kabla hajaamua kuondoka wodini. Chama kilichosajiliwa kina viongozi wanaojulikana, anwani ya kupelekewa barua na mtu wa kuitwa mahakamani. Hasira isiyo na chama haina hata kimoja kati ya hivyo.

Kwa hiyo sioni kwamba kosa la kisa hiki lilikuwa haki ya kujadiliana. Kosa lilikuwa kuiachia haki hiyo katikati ya njia. Wizara iliahidi kabla ya kuwaita watakaolipa. Chama kilipokea kabla ya kuhakikisha kwamba kilichopokelewa kinashika mbele ya sheria. Kisha pande zote mbili zikaacha miaka ipite. Majadiliano ya pamoja yanaanza kwa madai, lakini hayamalizikii kwenye saini. Yanamalizikia siku mfanyakazi anapopokea alichoandikiwa, na mgonjwa au mwanafunzi anapopata huduma bora kwa sababu hiyo.

Ndugu zangu viongozi wa vyama, kabla hamjakaa kujadiliana, ulizeni nani anashika mkoba. Kama ni kaunti au halmashauri, na iwepo mezani kwa saini yake. Kama kuna tume yenye mamlaka juu ya mishahara, pateni neno lake kwa maandishi kabla ya kuwatangazia wanachama. Mkishatia saini, mteueni mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuufuata mkataba hadi usajiliwe, na wanachama wawe wanaijua tarehe ya mwisho. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo msitegemee mlichosikia kwa jirani. Isomeni ya kwenu. Na mwajiri akichelewa, msingoje miaka mitatu kuikumbuka sheria. Ikumbukeni siku ya kumi na tano.

Wanachama wenzangu, sisi tunaokatwa ada kila mwezi, tusiwaachie viongozi kila kitu. Mkataba ukitangazwa, tuulize maswali yanayochosha: Umesajiliwa? Uko kwenye bajeti ya mwaka gani? Nani ataulizwa usipotekelezwa? Kiongozi mzuri hatakasirika kwa maswali hayo. Na siku ya kupiga kura ya mgomo, tumkumbuke yule atakayefika hospitalini au shuleni akiwa hana pengine pa kwenda. Kura yake haihesabiwi, lakini bei analipa.

Wakubwa wa wizara, hazina na kaunti, nawasihi msitie saini kwa ajili ya kuzima moto wa leo. Ahadi msiyoweza kuilipa ni heri muikatae hadharani, hata kama kukataa kutawaletea maandamano ya wiki moja. Mtumishi anaweza kukubali kidogo alichoelezwa kwa ukweli. Anachoshindwa kukivumilia ni kingi alichoahidiwa, kisha akanyamaziwa. Na hali ikibadilika, fedha zikapungua kwa sababu za kweli, rudini mezani mapema, mkiwa na hesabu zilizo wazi, kabla ya ilani ya mgomo kuletwa.

Na sisi raia tusingoje mgomo ndipo tuanze kuuliza nani ana makosa. Bajeti ya kaunti husomwa kila mwaka, na sheria inatupa nafasi ya kutoa maoni yetu. Twende tukaulize kama mishahara iliyoahidiwa wauguzi na madaktari wetu imetengewa fungu. Swali hilo likiulizwa mwezi wa tano, linaweza kuzuia kilio cha mwezi wa kumi na mbili.

Wakati unasoma haya, yamkini upo mkataba mahali fulani katika eneo lako, wa walimu, wa wauguzi au wa wazoa taka wa mji, uliotiwa saini na kuwekwa kabatini. Kama wewe ni mmoja wa waliomo ndani yake, kesho ukifika kazini ulizia nakala yake, uusome, kisha uulize umefika hatua gani. Kama jibu ni kwamba bado haujasajiliwa, au haujatengewa fedha, anzeni kazi hiyo sasa, wakati pande zote bado zinaongea.